Bunge Lishike Shilingi Kabla Kombora Halijaruka

(Ifuatayo ni maelezo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

Wasikilizaji wetu wa Nairobi na Dar es Salaam walio na umri wa kutosha hawajaisahau Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Saa nne na nusu na dakika chache asubuhi, mabomu yaliyopakiwa ndani ya magari yalilipuka nje ya balozi za Marekani katika miji hiyo miwili. Watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wengi wao walikuwa wananchi wa kawaida waliokuwa kazini, waliokuwa ndani ya basi, au waliokuwa wakipita njia tu.

Siku 13 baadaye, tarehe 20 Agosti, Rais Bill Clinton wa Marekani alijibu. Manowari zake zilirusha makombora ya Tomahawk kwenda sehemu mbili: kambi za mafunzo za Osama bin Laden karibu na mji wa Khost nchini Afghanistan, na kiwanda cha dawa cha al-Shifa mjini Khartoum, Sudan. Bin Laden hakuuawa. Kiwanda kilibaki kifusi, na madai kwamba kilihusika na silaha za kemikali yamebishaniwa tangu siku ile.

Kisa hicho kina mambo mawili yanayotuhusu katika mazungumzo yetu ya leo. La kwanza ni kwamba Tomahawk haina haraka sana. Huruka kwa mwendo unaokaribiana na ule wa ndege ya abiria, yaani kiasi cha kilometa 880 kwa saa. Kati ya Rais kutoa amri na kombora kufika hupita saa kadhaa, na katika saa hizo mtu anayewindwa aweza kunywa chai, kuaga na kuondoka zake. La pili ni kwamba Bunge la Marekani halikupiga kura juu ya mashambulizi hayo. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1973 humtaka Rais aliarifu Bunge katika muda wa saa 48 baada ya kuyaingiza majeshi vitani. Kombora, lakini, huwa limekwisha kufika zamani.

Basi tuulize. Ikiwa silaha ya mwendo wa ndege ya abiria humaliza kazi yake kabla wabunge hawajakaa kitako, itakuwaje kwa silaha iwezayo kuvuka bahari na mabara kwa dakika 30? Ni nani atakayeisimamia, na ataisimamia lini?

Silaha iliyoombwa

Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, wakuu wa majeshi ya Marekani walianza kudai silaha ya masafa marefu iwezayo kupiga mahali popote duniani katika muda wa saa moja, bila kutumia bomu la nyuklia. Hoja yao ilieleweka. Marekani ilikuwa na makombora yaendayo upesi sana, lakini yote yalibeba nyuklia. Ilikuwa pia na silaha za kawaida nyingi, lakini zilihitaji manowari iwe jirani au ndege iruke kwa saa nyingi. Rais akipata habari kwamba adui ameonekana mahali fulani na ataondoka baada ya muda mfupi, afanye nini? Akae tu, au atumie nyuklia?

Mapema mwaka 2006, katika maombi ya bajeti ya mwaka wa fedha 2007, Pentagon ilileta jawabu lake. Ilitaka kuchukua kombora la Trident, ambalo hurushwa na nyambizi kutoka chini ya maji, na kulivua vichwa vyake vya nyuklia. Wakati huo kila nyambizi ya aina hiyo ilibeba makombora 24. Mpango ulikuwa kubadilisha mawili kwa kila nyambizi katika nyambizi 12, jumla makombora 24, kila moja likiwa na vichwa vinne visivyo vya nyuklia. Muundo mmoja uliofikiriwa haukuhitaji hata baruti: kichwa kingemwaga maelfu ya vipande vya chuma kizito cha tungsten, vikateketeza kwa nguvu ya mwendo wake peke yake.

Mkuu wa kamandi ya silaha za masafa marefu, Jenerali James Cartwright, aliutetea mpango huo kwa bidii. Mawaziri wawili wa zamani wa ulinzi, Harold Brown na James Schlesinger, waliuunga mkono gazetini. Na fedha zilizoombwa kwa mwaka wa kwanza, dola milioni 127, hazikuwa nyingi kwa nchi ambayo bajeti yake ya ulinzi huhesabiwa kwa mamia ya mabilioni. Kombora lilikwisha kuwapo, nyambizi zilikwisha kuwapo, mabaharia walikwisha kufunzwa. Kilichobaki kilikuwa kubadilisha vichwa tu.

Hata hivyo Bunge lilikataa.

Mkoba uko kwa nani

Ili tuelewe lilikataaje, inafaa tutazame kwanza jinsi fedha zinavyotoka katika nchi ile.

Kwetu Tanzania, waziri husoma hotuba ya makadirio ya wizara yake, wabunge huchangia, kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia kifungu kimoja baada ya kingine. Mbunge asiyeridhika husimama na kutangaza kwamba anashika shilingi katika mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo. Waziri hueleza, na mara nyingi shilingi hurudishwa kabla jioni haijaingia. Ni desturi nzuri, kwani humlazimisha waziri kujibu mbele ya watu. Lakini kila mtu ukumbini anajua mpaka wake. Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja.

Katiba ya Marekani imepanga vingine. Inasema fedha haziwezi kutolewa katika hazina ila kwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Inasema pia kwamba fedha za kuweka jeshi la nchi kavu zisitolewe kwa muda unaozidi miaka miwili. Waasisi wa taifa lile waliogopa mtawala mwenye jeshi lisilohitaji kurudi kuomba. Na Rais hana uwezo wa kulivunja Bunge.

Kwa hiyo bajeti anayoipeleka Rais ni ombi tu. Ombi hilo hupita milango miwili katika kila baraza, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi. Mlango wa kwanza ni wa kamati za majeshi, ambazo hutunga sheria ya kuidhinisha mipango: silaha hii iendelee, ile isimame, hii nyingine isubiri ripoti. Mlango wa pili ni wa kamati za ugawaji fedha, ambazo hutoa fedha zenyewe. Mpango waweza kuidhinishwa na bado ukakosa hata senti. Wabunge waweza kupunguza, kuongeza, kufuta, au kusema kwamba sehemu ya fedha isiguswe mpaka waziri alete maelezo ya maandishi. Kwa maneno mengine, pale ambapo mbunge wetu hushika shilingi, wao hushika mkoba mzima.

Kwa nini walikataa

Sasa turudi kwenye Trident. Wabunge waliokataa hawakuwa wapenda amani kupita wengine, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kuwa na ubahili kwa jeshi lao. Waliuliza swali moja rahisi ambalo wataalamu walishindwa kulijibu kwa kuwaridhisha: yule atakayeliona kombora likija, atajuaje kwamba halina nyuklia?

Fikiri, ndugu msikilizaji. Kombora la Trident likitoka baharini, mitambo ya rada ya Urusi huona moto na mwendo. Haioni kilichomo kichwani. Nyambizi ile ile, maji yale yale, kombora lile lile. Tofauti iko ndani, nayo haionekani. Kutoka maeneo mengi ya bahari, kombora linalokwenda Afghanistan au Korea Kaskazini lingeweza kupita juu ya Urusi au karibu nayo. Ofisa aliye zamu ana dakika chache za kuamua amwambie nini mkuu wake.

Hofu hiyo si hadithi. Tarehe 25 Januari 1995, wanasayansi walirusha roketi ya utafiti kutoka kisiwa cha Andøya nchini Norway, kwa ajili ya kuchunguza mianga inayoonekana angani katika nchi za kaskazini. Rada za Urusi ziliiona, na kwa dakika kadhaa ikadhaniwa kuwa huenda ni kombora la Marekani. Mkoba wa amri za nyuklia ulifunguliwa mbele ya Rais Boris Yeltsin. Norway ilikuwa imekwisha kupeleka taarifa mapema, lakini taarifa hiyo haikuwafikia waliokuwa kwenye rada. Dunia iliponea chupuchupu kwa sababu ya barua iliyokwama ofisini. Na hiyo ilikuwa roketi moja, ya wanasayansi, wakati wa urafiki.

Rais Vladimir Putin naye alilisema jambo hili waziwazi katika hotuba yake ya mwaka, Mei 2006. Alionya kwamba kombora la namna hiyo likirushwa, hata kama halina nyuklia, nchi yenye silaha za nyuklia yaweza kulijibu isivyopasa. Mtu aweza kusema kwamba alikuwa akitetea maslahi ya nchi yake, na ni kweli. Lakini onyo halipungui ukweli kwa sababu limetoka kwa mpinzani.

Wabunge wa Marekani walikataa sehemu kubwa ya fedha zilizoombwa, wakaacha kiasi kidogo kwa utafiti, na wakaagiza wataalamu huru walichunguze suala lote. Mwaka uliofuata Pentagon ilirudi ikiomba dola milioni 175 kwa Trident. Safari hii Bunge halikutoa kitu kwa Trident. Badala yake lilifungua mfuko mmoja wa dola milioni 100 kwa utafiti wa silaha za kupiga haraka kwa jumla, ili njia nyingine zitafutwe ambazo hazitafanana na kombora la nyuklia.

Haki inatudai tuseme pia kwamba wataalamu walioagizwa hawakuwapa wabunge jibu la kuwafurahisha. Ripoti yao ya mwaka 2008 ilikubali kwamba silaha ya aina hiyo ingefaa kwa shabaha chache, na ikaona kwamba hatari ya kueleweka vibaya ingeweza kupunguzwa kwa kupeana taarifa. Ilishauri hata majaribio ya Trident yaendelee. Wabunge waliisoma, wakashika msimamo wao. Mtaalamu hushauri, lakini mwenye dhamana kwa wananchi ndiye anayeamua ni hatari ya kiasi gani inayokubalika.

Kukataa nako kuna gharama

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu ya habari, nayo ni nusu tamu. Nusu ya pili ina uchungu kidogo.

Njia nyingine iliyopendelewa ni chombo kinachobebwa na roketi hadi juu sana, kisha kikaachwa kiserereke katika tabaka za juu za hewa kwa mwendo unaozidi ule wa sauti mara tano na zaidi. Kwa kuwa hakifuati njia ya upinde kama kombora la nyuklia, ilisemekana kwamba adui ataweza kuvitofautisha. Lakini chombo kinachopinda njiani kina utata wake: anayekiona hawezi kujua kinakwenda kwa nani. Swali la kwanza lilikuwa ni nini kilichomo kichwani; sasa likaongezeka la pili, kichwa hicho kinamwelekea nani.

Aidha, kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Chombo kimoja kilijaribiwa Aprili 2010 na tena Agosti 2011, na mara zote mbili mawasiliano yalikatika baada ya dakika kama tisa. Kingine, cha jeshi la nchi kavu, kilifanikiwa Novemba 2011 kutoka Hawaii hadi kisiwa cha Kwajalein katika Bahari ya Pasifiki, safari ya kilometa zaidi ya 3,500 kwa muda usiofika dakika 30. Kiliporushwa tena Alaska Agosti 2014, ilibidi kilipuliwe sekunde nne tu baada ya kuondoka. Jeshi lilikusudia kuwa na silaha ya aina hii mikononi mwa askari kufikia mwaka 2023, na tarehe hiyo ikapita majaribio yakiwa bado yanaahirishwa.

Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, ambayo kazi yake ni kuwafanyia wabunge hesabu bila kuegemea chama, ilitoa makisio yake Januari 2023. Kununua silaha 300 za kuserereka na kuzitunza kwa miaka 20 kungegharimu dola bilioni 17.9. Kiasi hicho hicho cha makombora ya kawaida ya upinde yenye vichwa vinavyoweza kugeuka kingegharimu dola bilioni 13.4. Tofauti ni ya theluthi moja. Basi Bunge lililokataa mpango wa dola milioni 127 kwa sababu ya hatari yake lilifungua mlango wa mipango yenye gharama kubwa zaidi.

Je, lilikosea? Kwa maoni yangu hapana. Fedha zilizopotea zinahesabika. Vita vya nyuklia vilivyoanzishwa kwa makosa havina mtu wa kubaki kufanya hesabu. Lakini kisa hiki kinatufunza kwamba usimamizi wa Bunge haumalizwi na kura moja. Anayekataa njia moja ana wajibu wa kuifuatilia ile aliyoiruhusu, mwaka hadi mwaka, jaribio hadi jaribio.

Tena marufuku ya bajeti huwa na umri mfupi. Agosti 2019 Marekani ilijitoa katika mkataba wa mwaka 1987 uliokuwa umepiga marufuku makombora ya nchi kavu ya masafa ya kati, ya nyuklia na ya kawaida pia, baada ya kuilaumu Urusi kwa kuuvunja. Sheria iliyopitishwa Desemba mwaka huo ilizuia fedha za mwaka ule zisitumike kununua wala kupeleka makombora hayo mahali, ila utafiti ukaruhusiwa. Mwaka wa fedha ukaisha, na kizuizi nacho kikaisha. Aprili 2024 mtambo wa kurusha makombora ya masafa hayo ulikuwa umefika Ufilipino kwa mazoezi. Shilingi iliyoshikwa mwaka mmoja na kusahauliwa mwaka unaofuata ni sawa na shilingi iliyorudishwa.

Somo kwa sote

Kwamba hatari yenyewe ni ya kweli tulikumbushwa tarehe 21 Novemba 2024. Siku hiyo Urusi ililipiga jiji la Dnipro nchini Ukraine kwa kombora jipya la masafa ya kati liitwalo Oreshnik, la aina iwezayo kubeba nyuklia, lakini safari hiyo halikuwa nayo. Kiasi cha nusu saa kabla ya kulirusha, Moscow iliiarifu Washington kwa njia maalumu zilizowekwa kwa mambo hayo. Taarifa ilifika kwa aliyehusika. Mwaka 1995 haikufika. Wananchi wa Urusi wenyewe walielezwa na Rais wao kwenye televisheni jioni, kazi ikiwa imekwisha.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kadiri silaha inavyokwenda upesi, ndivyo nafasi ya wananchi kusema inavyosogea nyuma. Zamani majeshi yalichukua majuma kukusanyika, na Bunge liliweza kujadili vita vikiwa bado havijaanza. Kwa Tomahawk mjadala ulibaki na saa chache. Kwa kombora la dakika 30 hakuna mjadala kabisa. Hakuna spika awezaye kuita kikao, na hakuna mbunge awezaye kuomba mwongozo. Kombora likitoka, limetoka; maji yakimwagika hayazoleki. Wakati pekee uliobaki wa mwakilishi wa watu kuuliza kwa nini, kwa nani na kwa hatari gani ni siku ile fedha zinapoombwa, miaka mingi kabla, katika chumba cha kamati chenye karatasi nyingi na waandishi wa habari wachache.

Mtu wa Kariakoo au wa Gikomba atauliza, haya yananihusu nini mimi? Yanamhusu kwa sababu waliokufa Agosti 1998 katika miji yetu miwili hawakuwa upande wowote wa ugomvi ule, na jibu lililofuata lilipitia angani bila kuwauliza ndugu zao, likaangukia pia mji wa Kiafrika. Yanamhusu kwa sababu makosa ya wenye nyuklia hayatachagua taifa. Na yanamhusu kwa sababu kila nchi ina bajeti yake ya ulinzi, na kila mara huwapo mtu wa kusema kwamba mambo ya ulinzi ni nyeti, basi yapitishwe upesi bila maswali mengi.

Siri za kijeshi zipo, na ni halali ziwepo. Mbunge hana haja ya kujua kombora linafungwaje misumari. Lakini aliyechaguliwa na watu ana haki ya kuuliza jambo ambalo wabunge wale waliuliza mwaka 2006, ambalo halikuhitaji utaalamu wowote wa roketi: huyo atakayeliona likija, atafikiri nini?

Mbunge akiliuliza swali hilo kabla ya kupiga kura, na akakataa kurudisha shilingi mpaka ajibiwe, atakuwa amefanya kazi aliyotumwa. Akiliuliza baada ya kombora kuruka, atakuwa msikilizaji wa redio kama sisi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.